Hakukuwa na Kitunguu

Asharh, mwezi wa kwanza wa mvua kwetu, tarehe 2

Kuandika naweza, nikamjibu. Nilifika darasa la tano, tena hilo la tano nilikaa mara mbili, kwa hiyo ukihesabu vizuri nina madarasa sita. Dada Daktari akacheka mpaka akaziba mdomo kwa mtandio.

Anaitwa Lamisa. Yuko mwaka wa nne pale chuo cha udaktari, na ndiye kiongozi wa wenzake kumi na mmoja wanaokwenda Nepali mvua zikikatika, wiki tatu milimani, kutibu watu bure. Akanipa daftari hili, jekundu, jipya, bado linanukia duka. "Basi Kaka Bodrul, andika kila unachofanya na sisi. Nani kaja, kaigiza nini, siku ilikwendaje."

Kazi yenyewe ni hii. Hawa wanafunzi wanataka watu wa kujifunzia kuuliza na kupima haraka haraka, maana huko milimani watapangiwa foleni ya watu mia kwa siku. Wagonjwa wa kweli wamewachoka. Mkubwa wa wodi kasema mwanafunzi atakayemfunua tena mzee wa kitanda cha tisa, atafunuliwa yeye. Kwa hiyo wanataka wagonjwa wa uongo. Na mtu akitaka kitu cha uongo hapa kwenye geti la hospitali yetu Mymensingh, anaelekezwa kwangu.

Usinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa huduma. Napanga foleni kwa niaba ya wenye haraka. Nakodisha miavuli, ndoo na mikeka. Siku moja nilikodisha mjomba, kwa mgonjwa aliyeambiwa asirudi bila ndugu wa kiume. Wagonjwa kumi nitawakosaje?

Asharh 5, Ijumaa

Leo ndiyo tumeanza, baada ya sala, kwenye ukumbi wa nyuma ya maktaba. Kila mgonjwa wangu kapewa kadi yenye ugonjwa wake. Wasiojua kusoma nimewasomea. Horipodo, yule kinyozi mstaafu, kapata moyo. Akauliza, "Moyo wa kufa au wa kupona?" Nikamwambia wa kufa kidogo.

Mamkubwa Joygun nimempa jicho. Ni jirani yangu, mlango wake na wangu inatazamana uani. Mjane, anashona kantha, yale mashuka ya sari kuukuu zilizopangwa moja juu ya nyingine na kutariziwa picha. Duka la mjini linamletea kazi, na hakuna mwingine mtaani mwenye mshono mdogo kama wake, mpaka unadhani ni chungu wamejipanga mstari. Kadi yake inasema: presha ya jicho. Kichwa kinauma upande mmoja, jicho linauma, ukiangalia taa unaona duara la rangi kama upinde wa mvua, tumbo linachafuka.

"Hivi kuna ugonjwa wa hivyo kweli?" kaniuliza.

"Upo, Mamkubwa. Wa matajiri. Leo umetajirika."

Malipo ni pakiti ya tehari kwa kila mtu, wali wa nyama na yai la kuchemsha juu. Pakiti zinapitia kwangu. Nikatoa yai katika kila moja kabla sijagawa. Ada ya wakala. Wali una nyama tayari, yai la nini tena?

Mayai kumi. Nimekula mawili, manane kayachukua mwenye banda la chai.

Asharh 6

Mvua. Miavuli yote imetoka. Mungu ni mwema.

Asharh 12, Ijumaa

Mamkubwa Joygun ni moto wa kuotea mbali! Anaingia kashika kichwa, anakaa pembeni ya kiti, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa sauti yake yenyewe. Horipodo yeye anakufa kila baada ya dakika mbili na kufufuka kuuliza kama tehari imefika.

Shida ni wanafunzi. Hawaamini. Shadman, yule mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, anacheka katikati ya maswali. Anamuuliza Mamkubwa, "Inauma kweli au unanitania?" Sasa Mamkubwa hakujua ajibu nini, akanitazama mimi, na mchezo ukafa.

Ndipo nilipotunga sheria. Nimewakusanya wote kumi chini ya ngazi nikawaambia: mtu akikuuliza kama ni kweli, unamshika mkono wa shati, unamtazama usoni, unamwambia, "Mwanangu, wallahi ni kweli." Kila mara. Hata nikikuuliza mimi.

Dada Lamisa kaipenda sana. Kasema hiyo ndiyo inayotakiwa, daktari azoee kumwamini mgonjwa.

Ni mimi niliyeitunga. Naandika ili isije ikasemwa ni mtu mwingine.

Asharh 19, Ijumaa

Katika hao kumi na wawili yupo mmoja wa kwao huko huko Nepali, Sarita. Kijiji wanachokwenda ni cha kwao. Kibangla chake kinatembea kwa magongo. Anaanza sentensi leo anaimaliza kesho. Wenzake humkatiza. Mimi pia nimemwigiza mara moja, wakacheka sana, na yeye akacheka.

Leo kanikuta nafunga ndoo zangu, kaniuliza hawa wagonjwa nimewatoa wapi. Nikamwambia shambani kwangu, nawapanda wakati wa kiangazi. Akatabasamu. Kasema kwao mama yake akiumwa anatembea siku moja na nusu kufika kwenye zahanati, na akifika anaambiwa kalale, si kitu. Nikamwambia hapa hatembei mtu, hospitali ipo mlangoni, halafu bado anaambiwa kalale, si kitu. Tukacheka wote wawili.

Simwelewi. Anaangalia watu kama anayesoma maandishi madogo.

Asharh 23

Mke wangu Kohinur kagundua habari ya mayai. "Unawaibia wagonjwa?" Nikamwambia si wagonjwa. "Basi unawaibia wazima!" Tumenuniana.

Asharh 26, Ijumaa

Horipodo anamwonea Mamkubwa wivu. Kasema jicho ni rahisi, yeye moyo unamchosha. Anataka wabadilishane. Mamkubwa kamwambia, "Baba, ukiwa na jicho la kunishonea ua moja tu kwenye hii nguo, nakupa na ugonjwa wangu na tehari yangu." Watu walikufa kwa kicheko.

Siku hizi anakuja na shuka lake, anashona akisubiri zamu. Hili si la dukani, ni lake mwenyewe, atampa mjukuu wake Mili akiolewa baada ya mavuno. Kashona picha ya mto, reli, bata, na pembeni kaanza kushona ukumbi wetu. Kuna mtu mdogo kasimama na mwavuli.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Mbona pua kubwa?"

"Uzi ulibaki."

Sijawahi kuwekwa kwenye kitu chochote, hata picha ya harusi yangu ililowa. Nilijifanya natafuta ndoo.

Srabon 2, Ijumaa

Mwezi mpya, na uani maji mpaka kifundo. Umeme unakatika kila mara. Mamkubwa anashona kwa taa ya kibatari siku nzima, mawingu yamefanya mchana kama magharibi. Asubuhi kaniambia kutoka mlangoni kwake, "Bodrul, jana taa yangu ilikuwa na duara la rangi. Nyekundu, kijani, kama kwenye kadi."

Nikampigia makofi. Nikamwambia, huyu ndiye msanii, anafanya mazoezi mpaka nyumbani! Halafu akacheka kidogo, nadhani kwa sababu mimi nilikuwa nacheka.

Kohinur kaniambia, "Mbona hakuwa anacheza?" Nikamwambia, wewe hujui sanaa.

Srabon 5

Mvua, mvua, mvua. Mwavuli mmoja umeibiwa na shehe.

Srabon 9, Ijumaa

Naandika hii tarehe 13. Ukurasa niliuacha wazi. Nimeandika mistari mitatu nikaichana, kwa hiyo ukiona karatasi fupi hapa katikati, ndiyo hiyo.

Siku hiyo mkuu wa chuo alikuja kuangalia, na wageni wawili waliotoa nauli za wanafunzi kwenda Nepali. Dada Lamisa alikuwa amenidokeza tangu Jumatatu kwamba mkuu akipendezwa, chuo kitanichukua mimi kuwaletea wagonjwa wa namna hii kila mwaka, kwenye mitihani na yote. Kazi ya kudumu. Mimi, Bodrul wa getini, ningepewa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Nilikuwa nimeshanunua kamba yake.

Asubuhi Kohinur akaja, kasema Mamkubwa leo hajala kitu, amelala kafunika uso, mwache. Nikaenda mwenyewe. Akaamka, akajifunga mtandio, akanishika mkono. Njia nzima alikuwa anapapasa ukuta.

"Mwanangu," akasema, "leo kichwa kinanipasuka kweli. Hili jicho la kushoto kama kuna mtu yuko ndani anasukuma kwa kidole."

Nikamwambia, "Hayo hayo! Usiyamalizie njiani, yaweke kwa wakubwa."

"Bodrul, sichezi."

Nikamwambia, "Safi kabisa. Na hiyo 'sichezi' uiseme vile vile."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sijaongeza wala sijapunguza.

Ukumbini meza nne, kila meza mwanafunzi mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Kengele ikilia dakika zimekwisha. Mamkubwa alikaa meza ya nne, Shadman anauliza, Sarita anaandika. Mkuu na wageni walikuwa wanazunguka, na ilipofika zamu ya Mamkubwa wakawa wamesimama pale pale mbele yake.

"Mama, una tatizo gani?" Shadman akauliza, safari hii hakucheka.

Akasema yote. Kichwa upande mmoja. Jicho. Duara la rangi. Halafu akainama akatapika ndani ya ndoo yangu.

Wageni wakapiga makofi. Mkuu akageuka, "Huyu mmemtoa wapi, kwenye sinema?" Ukumbi mzima kicheko. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

Mamkubwa akamshika Shadman mkono wa shati. "Mwanangu, wallahi ni kweli."

Na wote, naapa, wote, wale wagonjwa wangu tisa na wanafunzi kumi na wawili, wakaitikia kwa pamoja kama watoto wa madrasa: "Wallahi ni kweli!" Maana kila mtu aliijua. Nilikuwa nimewafundisha vizuri.

Basi Sarita akaweka kalamu chini. Akasimama, akamwinua Mamkubwa uso kwa vidole viwili. Akasema kwa kile Kibangla chake cha pole pole, "Kaka Bodrul. Jicho hili, jekundu. Mtu, anaigiza vipi, jicho jekundu?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Haukungoja muda mrefu. Kama muda wa kufungua mwavuli mmoja.

Mimi niliangalia. Nataka niandike hapa kwamba niliangalia. Jicho lilikuwa jekundu kama limesuguliwa pilipili, na pale katikati penye weusi palikuwa na ukungu, kama kioo ulichokipulizia. Niliona. Halafu nikamwona mkuu ananitazama, anangoja niseme nini. Na mdomo wangu, huu mdomo uliozoea kupata kitu cha kusema kabla mimi sijafika, ukafunguka.

"Kitunguu, Dada Daktari! Wagonjwa wangu ni daraja la kwanza, siyo wale wa kupakaa mate!"

Paa lilitaka kuruka kwa kicheko. Mamkubwa alikuwa amekwisha inama tena kwenye ndoo, kaziba masikio kwa viganja, sidhani kama alisikia neno. Sarita akatazama huku na huku, akacheka na yeye, kidogo, kama mtu anayeomba radhi, akakaa. Na Shadman akasimama wima akatoa jibu lake: "Hii ni presha ya jicho. Mgonjwa apelekwe hospitali leo hii, asilale nyumbani, akichelewa jicho linakufa." Jibu sahihi. Kengele ikalia. Alama zote. Kwenye karatasi ya Mamkubwa wakaandika, "Bora sana."

Kutoka meza ile mpaka mlango wa idara ya macho ni hatua mia moja na ishirini. Nimezipima juzi. Tukampa pakiti ya tehari, nikamrudisha nyumbani.

Pakiti yake haikuwa na yai.

Mkuu alinishika bega akasema, "Tutaongea." Nilinunua samaki wa hilsa mzima, Kohinur akampika, nikala mpaka kidevu kikang'aa.

Srabon 10

Hii nayo naiandika baadaye, tarehe ile ile 13.

Mamkubwa alitapika tena asubuhi. Nikajiambia ni tehari, imechacha kwenye joto. Nikamletea maji ya chumvi na sukari. Unajua kwa nini nilisema tehari? Kwa sababu yale maneno ya Shadman nilikuwa nayakumbuka. Kila Ijumaa wiki sita nimeyasikia, asilale nyumbani, asilale nyumbani, hata usingizini ningeyasema. Lakini kama ilikuwa jicho, basi mimi nilikuwa nani pale ukumbini? Kwa hiyo ikawa tehari.

Akakunywa yale maji. Akasema, "Mungu akuweke, mwanangu, unanihangaikia."

Srabon 11

Kohinur ndiye aliyekuja mbio. Alimkuta Mamkubwa kakaa na lile shuka mapajani, amefumba jicho la kulia ili alipime la kushoto. Alikuwa anashona. Sindano inapita nje ya nguo, hewani, inarudi, inapita hewani. Kidole kimejaa damu. Akasema, "Kohinur, mbona mmezima taa upande huu?"

Nilimbeba mgongoni kwenye maji mpaka barabarani, nikampandisha kwenye riksho la mizigo, ile baiskeli ya magurudumu matatu. Pale idara ya macho foleni ilifika kwenye ngazi. Mimi ndiye mwenye foleni zote za hospitali hii, na siku hiyo nilipita kati ya watu nalia kama mtoto, na hakuna aliyeninyima nafasi. Wengine walidhani ni ujanja wangu mpya. Mmoja kanipigia kofi mgongoni, "Bodrul leo umejipita!"

Daktari wa macho alimmulika mara moja tu. Akauliza imeanza lini.

"Ijumaa," Mamkubwa akasema.

"Mama, leo Jumapili. Ungekuja Ijumaa."

Mamkubwa akasema kwa upole, bila kumlaumu mtu, "Ijumaa nilikuwa hapa hapa, mwanangu. Pale upande wa pili."

Daktari hakuelewa. Mimi nilikuwa nimekwisha toka nje.

Srabon 12

La kushoto limekufa. Presha ilipanda ikauminya mshipa wa kuonea, na haurudi. La kulia watalitoboa kitundu kidogo sana kwa mwanga wa mashine, lisije likafanya hivyo hivyo. Ni dawa ya dakika chache. Dakika chache tu, kasema daktari.

Dada Lamisa, Shadman na Sarita walikuja wodini. Shadman alikuwa ameshika ile karatasi ya "Bora sana," sijui kwa nini aliileta. Aliikunja, akaikunja, mpaka ikawa kama ndimu. Lamisa akalia, akasema sote tulicheka. Nikataka kumshukuru kwa hilo neno "sote."

Sarita hakulia. Alinivuta barazani, mvua inatupiga miguuni.

"Kaka Bodrul. Kulikuwa na kitunguu?"

Nilifungua mdomo. Kichekesho kilikuja kweli, hata sasa nakikumbuka, kilikuwa kizuri. Nikakimeza.

"Hakukuwa na kitunguu."

Akaitikia kwa kichwa. "Mimi pia, nilijua hakukuwa. Hakuna harufu. Nilikuwa karibu, hivi." Akaonyesha kwa kiganja mbele ya pua yake. "Lakini watu wote, walicheka. Nikaona, labda mimi mgeni, sijui mambo ya hapa."

Yule niliyekuwa namwona mzito ndiye peke yake aliyeona. Na mimi niliyekuwa najiona mwepesi nikamzima kwa neno moja.

Srabon 16, Ijumaa

Hakuna mazoezi. Horipodo kaniuliza tehari iko wapi. Nikampa yai. Hakuelewa.

Srabon 24

Mamkubwa yuko nyumbani. La kulia limetobolewa, liko salama, ila limechoka, haoni tundu la sindano. Duka la mjini limepeleka kazi kwa mwanamke mwingine. Lile shuka la Mili limebaki robo moja, na harusi baada ya mavuno.

Natunga sindano. Kila asubuhi kabla ya kwenda getini namtungia sindano kumi na mbili, nazichoma kwenye mto mdogo mbele yake, za rangi tofauti. Mshono wake sasa ni mkubwa na unapinda. Anaupapasa kwa kidole gumba, anafumua, anarudia.

Anawaambia wote wanaokuja kumpa pole, "Kama si huyu mwanangu ningekuwa kipofu wa macho yote. Alinibeba kwenye maji kama gunia. Alilia mbele za watu." Wanawake wananitazama kwa upendo. Kohinur ananitazama.

Srabon 29

Sarita kaja peke yake, kakaa chini kwenye mkeka kwa Mamkubwa. Mimi nilikuwa mlangoni na uzi mdomoni. Kamwambia yote ya upande wake: aliliona jicho, alijua si mchezo, akakaa kimya, amsamehe. Mamkubwa kamsikiliza, halafu akamshika kidevu.

"Ukifika kwenu," akasema, "yule mama wa kwanza atakayekwambia anaumwa, usimwangalie mtu mwingine. Mwangalie yeye."

Kule kwenye kicheko, kwa nini watu walicheka, Sarita hakukugusa. Akitoka akaniambia, "La kwangu nimesema. La kwako, si langu."

Bhadro 4

Mwezi umegeuka tena, chuo kimeleta barua. Kazi ya kudumu nimepewa, mkuu hajui lolote au hataki kujua. Pamoja na hati ya shukrani yenye muhuri wa dhahabu na jina langu limeandikwa sawasawa. Kohinur kaitundika. Nimeigeuza uso ukutani. Kaigeuza. Nimeigeuza.

Kitambulisho sijakwenda kuchukua. Ile kamba nimefungia ndoo.

Bhadro 9

Nimejaribu kumwambia. Mara ya kwanza nikaanza, "Mamkubwa, unakumbuka ile Ijumaa," akasema, "Naikumbuka, niliwatapikia wageni," nikacheka, basi. Mara ya pili nikaanza vizuri kabisa, mdomo ukageuza njiani ukatoa hadithi ya shehe na mwavuli wangu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Mara ya tatu leo. Nilisema, "Kulikuwa na mtu aliyesema kitunguu." Akauliza, "Nani?" Nikasema, "Sikumwona vizuri."

Hapo ndipo nilipojua mimi ni mtu wa namna gani. Huo haukuwa mdomo, nilikuwa mimi.

Bhadro 20, Ijumaa

Wameondoka asubuhi, basi limewapeleka mpaka mpakani. Mvua imekatika kweli, mbingu imeoshwa. Kila mmoja na begi kubwa na dawa. Shadman amepunguza kalamu, ana moja. Dada Lamisa kaniuliza kama nimemaliza daftari, nikamwambia bado ukurasa mmoja, nitalileta mkirudi. Sarita alikuwa kiti cha nyuma dirishani. Hakunipungia. Alinionyesha jicho lake kwa kidole, halafu akaninyooshea mimi kidole hicho hicho.

Nikarudi nyumbani. Mamkubwa amemaliza ile pembe ya ukumbi. Yule mtu mwenye mwavuli kamfumua, kamshona upya kwa mshono wake huu mkubwa. Mwavuli hakuna tena. Sasa kambeba mtu mgongoni, na miguuni mwake kuna mistari ya maji.

"Pua nimeipunguza," akasema. "Mili atawaonyesha watoto wake. Huyu ndiye Bodrul."

Shuka la harusi hudumu miaka sitini, sabini.

Sasa wewe unayesoma. Sikujui, na ndiyo maana nakuamini. Tufanye biashara, ndiyo kitu pekee ninachokijua bila kudanganya sana. Mamkubwa Joygun hajui kusoma. Wewe unajua. Njoo uani kwetu, uliza kwa mshona kantha, utaonyeshwa. Uje na daftari hili, umsomee ukurasa mmoja tu, ule wa Srabon tarehe 9, tangu "naandika hii" mpaka "kikang'aa." Usiruke palipoandikwa niliona. Mimi nitakuwa nje ya mlango wake, nimekaa kwenye ndoo, natunga sindano.

Malipo yako: mwavuli bure masika yote, na foleni yoyote ya hospitali hii utakuwa wa kwanza, na pakiti yako ya tehari itakuwa na yai lake, zima, sijaligusa.

Ukimaliza kusoma nyamaza, umwache afikiri. Akiniita, nitaingia. Akiomba mkasi, mpe, aifumue ile pembe, usimzuie. Na asiponiita, toka pole pole, nipitishie ule mto wa sindano mlangoni, nizichome sindano zake kumi na mbili, kesho nirudi tena asubuhi.

Unasemaje? Njoo mchana, wakati mwanga upo.